UZI: Channel 8 ya Houston, runinga ya kwanza ya elimu Marekani. Ni mali ya chuo au ya watazamaji?

Fundi Masafa (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kuna uzi watu walikuwa wanatoana jasho kuhusu PBS, mtandao wa runinga za umma wa Marekani, wengi wakiamini ni shirika lenye makao makuu na matawi kila mji, kama BBC. Siyo hivyo. PBS haimiliki kituo hata kimoja. Vituo ni wanachama wake, vinalipa ada na kupata vipindi, na kila kituo kina mwenye leseni wake. Mahali pengine mwenye leseni ni taasisi ya wenyeji wa mji, pengine ni serikali ya jimbo. Pengine ni chuo kikuu, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Nachukua kimoja tu: KUHT, Channel 8 ya Houston, Texas. Leseni iko mikononi mwa Chuo Kikuu cha Houston, na siku hizi kituo kinatumia jina la Houston Public Media pamoja na redio yao ya KUHF. Nimekichagua kwa kuwa ndicho cha kwanza cha aina yake Marekani nzima, halafu kuna mwaka kilishitakiwa na mtazamaji wake mwenyewe. Kesi hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika, ila tukiirukia moja kwa moja haitaeleweka.

Mwaka 1948 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za runinga. Masafa yalikuwa yamegawiwa vibaya, vituo vinaingiliana. Walitegemea kumaliza kwa miezi michache, wakamaliza Aprili 1952. Miaka yote hiyo wafanyabiashara wako mlangoni wanasubiri. Ndani ya tume kulikuwa na mama mmoja, Frieda Hennock, wakili kutoka New York, mzaliwa wa Kovel, mji ambao leo uko Ukraine. Rais Truman alimteua 1948 na akawa mwanamke wa kwanza kuwa kamishna pale. Huyu mama alikuwa na hoja moja na hakuiachia: tengeni masafa ya elimu sasa, kabla hamjagawa, kwa sababu mkishawapa wafanyabiashara hakuna atakayerudisha.

Zuio lilipoondolewa, chaneli 242 zilitengwa nchi nzima kwa ajili ya elimu isiyo ya biashara. Inapendeza kuisikia, lakini sisi watu wa mitambo tunaangalia ndani: 80 tu ndizo zilikuwa VHF (masafa ya chini, chaneli za kawaida za wakati ule), 162 zilizobaki ni UHF (masafa ya juu zaidi), na runinga nyingi za majumbani wakati ule hazikuweza kunasa UHF bila kufungiwa kifaa cha ziada. Aliyepata VHF alikuwa amepata kiwanja kando ya barabara kuu, wa UHF kapewa porini asubiri mji umfuate. Houston ilipata namba 8. VHF.

Chuo chenyewe kilianza 1927 chini ya shule za umma za mji, na mpaka 1963 kilikuwa hakijawa cha jimbo la Texas. Wanafunzi wake wengi walikuwa watu wa kazi, mchana yuko kazini, jioni ndiyo anasoma. Hayo mambo mawili yashikeni, yatarudi.

Tarehe 25 Mei 1953 kikaingia hewani. Uzinduzi rasmi ukafanyika 8 Juni, na Hennock mwenyewe alikuwepo. Studio zilikuwa ghorofa ya tano ya jengo la Ezekiel Cullen, lililopewa jina la babu yake Hugh Roy Cullen, tajiri wa mafuta aliyekimwagia chuo hicho fedha nyingi. Mwanzoni leseni ilikuwa ya ubia baina ya chuo na shule za umma za Houston, baadaye shule zikajitoa, chuo kikabaki peke yake.

Naendelea, msiharibu uzi.

---

Mtazamaji Sugu

Naweka kambi hapa. Mleta mada, hiyo runinga ya 1953 walikuwa wanarusha nini? Maana hata hiyo PBS yenyewe haikuwepo.

---

Mjomba Kirefu

Ndefu sana hii, nipe muhtasari nikalale.

---

Fundi Masafa

Mjomba Kirefu, lala salama.

Mtazamaji Sugu, swali zuri. PBS ilianzishwa 1969 na ikaanza kurusha vipindi Oktoba 1970. Kwa hiyo KUHT iliishi miaka 17 bila PBS. Kulikuwa na mtandao wa awali, NET, uliobebwa na fedha za Ford Foundation, lakini usifikirie satelaiti. Vipindi vilirekodiwa kwenye filamu na kusafirishwa kwa posta kutoka kituo hadi kituo. Ukimaliza kukirusha unakifunga unampelekea mwenzako. Habari ya leo huwezi kuifanya kwa mtindo huo. Satelaiti ya PBS ilikuja 1978.

Kwa hiyo cha kwanza walichokuwa nacho ni walimu. Profesa Richard Evans akaanza kufundisha saikolojia kwenye runinga, kozi ya kweli, yenye mtihani na alama zinazohesabika kwenye shahada. Masomo ya namna hiyo yalichukua saa 13 hadi 15 kwa wiki, yaani asilimia 38 ya ratiba yote, na mengi yalirushwa usiku. Kwa nini usiku? Rudi kwa yule mwanafunzi anayeshinda kazini. Kufikia katikati ya miaka ya 60 walikuwa wameshafundisha zaidi ya saa 100,000 za muhula (saa za kozi za wanafunzi wote zikijumlishwa) kupitia Channel 8.

Ninachokipenda ni kwamba mawimbi hayaulizi nani kalipa ada. Aliyesajiliwa anafanya mtihani, jirani yake asiyesajiliwa anapata somo lile lile bure akiwa na sahani ya chakula mapajani. Chuo kilitaka kupunguza msongamano madarasani, kikajikuta kinafundisha mji mzima.

---

Kanda Mbili

Mkuu Fundi, heshima yako. Ila mimi kitu kimoja hakiniingii akilini. Una chaneli ya VHF kwenye mji wa matajiri wa mafuta, kwa nini usiuze matangazo? Chuo kingejilipia kila kitu.

---

Fundi Masafa

Kwa sababu masafa yenyewe yalitengwa kwa sharti hilo. Ukiwa kwenye chaneli ya elimu unaruhusiwa kumtaja mfadhili wa kipindi, basi. Kusema "nunua", kutaja bei, kumshawishi mtazamaji, hapana.

Lakini wapo waliopita njia hiyo unayoisema. WOI ya Ames, Iowa, iliingia hewani Februari 1950, miaka mitatu kabla ya Houston, ikimilikiwa na chuo cha jimbo. Iliomba leseni ya kawaida ya biashara, ikarusha vipindi vya mitandao mikubwa, ikauza matangazo. Hii ndiyo sababu utawakuta watu wa Iowa wanasema wao ndio wa kwanza na watu wa Houston wanasema wao ndio wa kwanza, na wote hawadanganyi. Iowa ndiyo ya kwanza kumilikiwa na chuo, Houston ndiyo ya kwanza kuwa ya elimu isiyo ya biashara. Chuo Kikuu cha Missouri nacho kina KOMU, tangu Desemba 1953, ni ya biashara na wanafunzi wa uandishi wa habari wanajifunzia pale pale kwenye taarifa ya habari ya kweli.

Sasa angalia kilichotokea Ames. Kituo kinachoingiza fedha ni kituo ambacho mtu atakipigia bei. 1994 WOI ikauzwa kwa kampuni.

---

Wakili Mtata

Umeahidi kesi. Nadhani najua unakoelekea, ni Barnstone dhidi ya Chuo Kikuu cha Houston. Tiririka, nitakuja kukupinga ukimaliza.

---

Fundi Masafa

Umeotea, wakili. Wakuu, kaeni vizuri.

1980. Kampuni ya runinga ya Uingereza ilitengeneza filamu iliyoigiza uchunguzi wa mwandishi kuhusu binti wa ukoo wa kifalme wa Saudi Arabia aliyeuawa hadharani 1977. Inaitwa *Death of a Princess*. Saudi Arabia ilikasirika sana. PBS ikaipangia tarehe 12 Mei 1980. Balozi wa Saudia akaandika barua kulalamika, na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikaifikisha barua hiyo kwa PBS. Mobil, kampuni ya mafuta iliyokuwa miongoni mwa wafadhili wakubwa wa PBS, ikalipia tangazo gazetini kuipinga filamu. PBS ikakataa kurudi nyuma.

Lakini si tumeshasema PBS haina vituo? Kila kituo kinaamua chenyewe. South Carolina wakaikataa. Gavana wao wa zamani, John West, ndiye aliyekuwa balozi wa Marekani Saudi Arabia. Alabama nao wakaikataa. Na Houston ikaikataa.

Nani aliyeamua Houston? Hapa ndipo penye kiini. Siyo meneja wa kituo. Ni makamu wa rais wa chuo aliyeshughulikia habari na mahusiano ya chuo na umma. Kimadaraka alikuwa nayo haki hiyo, kituo kilikuwa chini yake. Ila kumbukumbu za mahakama zinaonyesha hakuwahi kabla ya hapo kuamua kipindi gani kirushwe au kisirushwe. Sababu alizotoa hadharani ni kwamba serikali ya Saudi Arabia inapinga vikali, na hali ya Mashariki ya Kati ni tete. Mahakamani yakajitokeza mengine: chuo kiliwahi kuwa na mkataba na familia ya kifalme ya Saudia wa kumfundisha binti mfalme mmoja, na sehemu kubwa ya michango binafsi ya chuo ilitoka kwa kampuni kubwa za mafuta.

Mtazamaji mmoja, Gertrude Barnstone, msanii na mwanaharakati aliyewahi kuwa kwenye bodi ya shule za Houston, akaenda mahakama ya shirikisho. Hoja yake ni fupi. Chuo ni cha jimbo, kwa hiyo ni serikali (mnakumbuka 1963?). Serikali haiwezi kunizuia nisione kitu kwa sababu ya maudhui yake ya kisiasa. Kesi ikaangukia kwa Jaji Gabrielle Kirk McDonald, jaji wa kwanza mweusi wa mahakama ya shirikisho Texas, ambaye miaka ya 90 alikuja kuwa rais wa mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa kivita wa Yugoslavia ya zamani. Akampa Barnstone ushindi: kituo kirushe filamu.

Siku yenyewe ya kurusha, mahakama ya rufaa ikasimamisha amri. Barnstone akakimbilia Mahakama Kuu ya Marekani, Jaji Powell akakataa kuondoa zuio. Usiku ule miji mingine inaangalia, Channel 8 inaonyesha kitu kingine.

Miaka miwili baadaye, 1982, jopo zima la majaji wa rufaa likaiunganisha kesi hii na ile ya watazamaji wa Alabama walioshitaki kwa sababu hiyo hiyo, na kuamua: kituo cha umma siyo uwanja wa kila mtu kupanda na kusema. Mwenye leseni ni mhariri. Kuchagua kipindi na kukataa kipindi ndiyo kazi yake, hata kama mwenye leseni ni chombo cha serikali. Barnstone akashindwa.

Mimi nakubali kwamba kisheria walikuwa na pa kusimamia. Ninachokataa ni kuita kile kilichofanyika uhariri. Mhariri anakataa kipindi kwa sababu ni kibovu, cha uongo, au hakifai kwa wasikilizaji wake. Mtu wa mahusiano anakataa kwa sababu kitamuudhi rafiki wa taasisi. Siku ile chuo kilivaa kofia ya mhariri na mwenye kichwa hakuwa mhariri. Na hili linawezekana tu pale mwenye runinga ana shughuli nyingine kubwa kuliko runinga: ana wafadhili, ana mikataba, ana majengo ya kuombea fedha.

---

Mtazamaji Sugu

Duh. Binti mfalme wa kwenye filamu na binti mfalme wa kwenye mkataba. Hata mtunzi wa tamthilia angeogopa kuandika hivyo.

---

Wakili Mtata

Nimerudi kama nilivyoahidi.

Fundi, umeeleza kesi vizuri, umehukumu kwa hisia. Fikiria Barnstone angeshinda. Kesho yake anakuja mwingine: kipindi chenu cha sayansi kimeondolewa kwenye ratiba, mmekiondoa kwa sababu ya maudhui, nawapeleka mahakamani. Keshokutwa mwanasiasa: mlimhoji mpinzani wangu, kwa hiyo ni uwanja wa umma, nipeni saa moja. Ratiba ya runinga itapangwa na majaji. Jaji ndiye atakuwa mhariri, na huyo anatoka serikalini moja kwa moja. Kulinda uhuru wa kituo dhidi ya serikali kwa kumpa jaji rimoti, hiyo ni dawa inayoua mgonjwa.

Na isitoshe, jambo hili lilikuja kufika juu kabisa. 1998, kesi ya Arkansas na Forbes: mgombea huru alinyimwa nafasi kwenye mdahalo ulioandaliwa na runinga ya jimbo. Majaji sita dhidi ya watatu wakasema kituo kinaweza kumwacha nje ilimradi hakikumwacha kwa sababu ya mawazo yake. Soma hapo mwishoni vizuri. "Ilimradi." Kwa hiyo mlango haukufungwa wote, umeachwa wazi kidogo kwa midahalo ya wagombea.

---

Fundi Masafa

Wakili, sijasema majaji wapange ratiba. Nasema uamuzi wa kipindi ukae kwa watu wa vipindi, na ofisi ya rais wa chuo isiuguse. Unaweza kulifanya hilo kwa kanuni za ndani bila jaji yeyote. Tatizo ni kwamba kanuni za ndani anaziandika nani? Mwenye leseni. Tunarudi pale pale.

---

Shangazi wa Katy

Habari zenu wanangu. Mimi niko huku Katy, magharibi mwa Houston, na Channel 8 naiangalia kwa antena ya ndani, siilipii kitu. Nimesoma yote na naona mnakisema kituo kama vile chuo kimekiteka. Mbona hamsemi chuo kimekibeba?

Niwakumbushe kimbunga Harvey, Agosti 2017. KHOU, kituo cha CBS cha mji huu, kilikuwa na jengo lake Allen Parkway, karibu na mto wa Buffalo Bayou. Tarehe 27 maji yakaingia ndani ya jengo, wafanyakazi wakahama matangazo yakiwa yanaendelea, mwisho kituo kikakatika. Mwandishi wao mmoja aliyekuwa nje na mpiga picha wake alibaki hewani akionyesha dereva wa lori aliyekwama kwenye mafuriko, akawasimamisha waokoaji waliokuwa wanapita na boti, na yule dereva akaokolewa. Huku jengo lao linazama.

Sasa KHOU walihamia wapi kufanya kazi? Studio za Houston Public Media, ndani ya chuo. Kituo cha biashara, chenye kampuni kubwa nyuma yake, kikasimamishwa na kituo cha chuo. Katika lile jengo la Allen Parkway hawakurudi tena. Mji huu unazama mara kwa mara, na siku ya mafuriko ukiwa na studio ya akiba sehemu ambayo haihesabu faida, unaelewa thamani yake.

---

Mtazamaji Sugu

Shikamoo shangazi. Hilo la KHOU sikulijua kabisa.

---

Fundi Masafa

Shikamoo shangazi. Nakubali mia kwa mia, na nitaongezea mafuta kwenye hoja yako. Mwaka huo huo wa 1953 Houston ilipata kituo kingine, KNUZ, chaneli 39, UHF, cha biashara. Kilikufa hata mwaka haujaisha. Watu hawakuwa na runinga za kukinasa na watangazaji biashara hawakuja. Miaka ya 60 KUHT ikahamia kwenye jengo lililojengwa kwa ajili ya kituo hicho. Chuo kinasubiri. Kampuni haina subira ya namna hiyo.

Kwa hiyo sibishi kwamba chuo kimekibeba. Kimekipa jengo, umeme, mishahara, na miaka. Mimi nauliza aliyekubeba anaweza kukutua wapi.

---

Kanda Mbili

Hapo sasa! Wacha niwape visa viwili, maana naona mnaogelea pembeni.

Kisa cha kwanza ni cha Houston hapo hapo, kwenye redio. Chuo cha Rice kilikuwa na redio ya wanafunzi, KTRU, 91.7. Wanafunzi wameiendesha kwa miongo, muziki ambao huusikii kwingine. 2010 Rice ikatangaza inauza masafa na mtambo. Mnunuzi nani? Chuo Kikuu cha Houston, dola milioni 9.5. Wanafunzi waliandamana, waliandika kwa FCC, haikusaidia. FCC iliidhinisha 2011. Chuo cha Houston kikaifanya redio ya muziki wa klasiki. Miaka mitano mbele, nacho kikaiuza kwa redio ya Kikristo. Hakuna aliyevunja sheria hata kidogo. Leseni ilikuwa ya chuo, siyo ya waliokuwa wanakesha kwenye mashine.

Kisa cha pili ni Tampa, Florida. WUSF, runinga ya Chuo Kikuu cha South Florida. FCC iliendesha mnada 2016 na 2017: vituo virudishe masafa, serikali iyauze kwa kampuni za simu, kituo kilipwe. Chuo kikachukua dola milioni 18.8 na runinga ikazimwa Oktoba 2017. Tampa kulikuwa na kituo kingine cha PBS, WEDU, kwa hiyo mji haukubaki gizani, lakini mnaona hesabu inavyopigwa. Kwa mtazamaji ni Channel fulani, kwa mhasibu wa chuo ni ardhi ya hewani yenye bei.

---

Wakili Mtata

Kanda Mbili, umesahau kisa kinachokwenda kinyume na hivyo. Chuo Kikuu cha Howard, Washington, kina WHUT tangu Novemba 1980, runinga ya kwanza ya umma Marekani kumilikiwa na watu weusi. Mnada huo huo ulipokuja, Howard nao walikuwa kwenye hesabu hizo, na masafa ya Washington yalikuwa na thamani kubwa kuliko ya Tampa. Kituo hakikuuzwa. Bado kipo. Kwa hiyo siyo kila chuo kinaona bei tu.

---

Kanda Mbili

Sawa wakili, lakini sikiliza ulichosema. Kimebaki kwa sababu mwenye leseni aliamua kibaki. Mtazamaji wa Washington alipiga kura wapi?

---

Mjomba Kirefu

Nimeamka. Nimesoma. Nasema hivi: anayelipa ndiye mwenye sauti. Nani analipa?

---

Fundi Masafa

Mjomba kumbe ukilala vizuri una maswali ya maana.

Wanalipa wengi kidogo kidogo. Watazamaji wenyewe wanachanga, na kituo kama hiki kinategemea hilo sana. Kuna mifuko ya hisani na kampuni zinazofadhili vipindi. Kuna chuo, kwa fedha na kwa vile visivyoonekana, kama nafasi na umeme. Na kulikuwa na serikali kuu kupitia CPB, shirika lililoundwa na sheria ya 1967 aliyoitia saini Lyndon Johnson, Mtexas. Kwa sheria hiyo Bunge lilikuwa linatoa fedha kwa CPB, CPB inazigawa, sehemu kubwa ikienda moja kwa moja kwa vituo. Nia ilikuwa mwanasiasa asimshike meneja wa kituo shingo. Kati yao kulikuwa na ukuta.

Ukuta huo haukuvunjwa, ulinyimwa matofali. Julai 2025 Bunge lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshapangiwa CPB kwa miaka miwili iliyokuwa inafuata, Rais Trump akatia saini, na Agosti mosi CPB ikatangaza kuanza kufunga shughuli zake.

Sasa weka hilo kwenye hoja yetu. Miguu ilikuwa minne, umekatwa mmoja. Waliobaki wanaongezeka uzito, na mmoja wao ni chuo. Kituo cha mji mdogo ambacho ruzuku ya CPB ilikuwa sehemu kubwa ya bajeti kiko pabaya zaidi kuliko Houston, hilo halina ubishi. Lakini hata Houston, kila dola ya shirikisho inayotoka inamfanya mwenye leseni awe na neno zito zaidi mezani. Na vyuo vyenyewe Marekani sasa hivi vinabanwa kwa bajeti.

---

Shangazi wa Katy

Au inamfanya mchangiaji awe na neno zito zaidi. Mbona unaliona upande mmoja tu, mwanangu? Serikali ikitoka, kituo kitanitegemea mimi. Na mimi si mtu wa mafuta.

---

Fundi Masafa

Shangazi, ukichanga dola 60 na kampuni ikichanga 60,000, simu ya nani itapokelewa kwanza?

---

Shangazi wa Katy

Kama wenye dola 60 tuko elfu moja, tumelingana. Na wako wengi kuliko elfu moja katika mji huu.

---

Wakili Mtata

Hesabu ya shangazi iko sawa, ila kisheria haibadilishi kitu. Mchangiaji siyo mwanahisa. Hapati kura, hapati kiti. Vituo vinavyomilikiwa na taasisi za wenyeji angalau vina bodi yake vyenyewe, yenye kazi moja tu ya runinga. Cha chuo kinajibu kwa bodi ya chuo, na bodi hiyo kwa chuo cha jimbo la Texas inateuliwa na gavana. Ajenda yao ina ada, timu ya mpira, maabara, mabweni. Runinga iko ukurasa wa mwisho.

---

Kanda Mbili

Kwa hiyo wakili umekuja upande wetu?

---

Wakili Mtata

Sijahama. 1982 majaji walisema mwenye leseni ndiye mhariri, na nasimama hapo. Ninachosema ni kwamba kama hutaki chuo kiwe mhariri, usiende mahakamani. Nenda kwenye mkutano wa bodi ya chuo, ni wa wazi, na wananchi wanaruhusiwa kujiandikisha kuzungumza.

---

Shangazi wa Katy

Hilo ndilo neno. Bodi inakutana chuoni, na kutoka kwangu Katy ni barabara ya I-10 moja kwa moja halafu nakata kusini. Nani mwingine wa huku Houston yumo humu? Aje faragha tupange.

---

Mtazamaji Sugu

Shangazi, mimi sipo Houston ila ukienda waulize swali moja kwa niaba yangu: leo hii, ikija filamu nyingine kama ile ya 1980, simu inapigwa kwa meneja wa vipindi au kwa makamu wa rais? Ukipata jibu lirudishe humu humu.